Kumlenga Ndege Arukaye

Watu wengi hudhani kuwa bunduki ilipofika nchini mwetu ilikuja na elimu yake kamili, nasi tukawa wanafunzi watupu. Mimi nilijifunza kumpiga ndege arukaye kwa bunduki ya marisau hapa Shelui, chini ya vilima vya Sekenke, wala sikubaliani nao.

Mwalimu wangu alikuwa mjomba, aliyekuwa na leseni ya kuwinda kanga na kwale. Leseni hiyo ilidaiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya 2009 yaidai vilevile. Siku za kwanza hakunipa hata risasi moja. Alinipa teo, akanipandisha juu ya dungu katika shamba la mtama, akaniagiza niamie ndege. “Mpwa wangu,” alisema, “usimtupie ndege alipo. Mtupie aendako.”

Ndipo aliponikabidhi bunduki, tena tupu. Nilitakiwa kukaza kitako begani, kumfuata ndege kwa nyuma, kumpita, kisha kufyatua huku mikono ikizidi kwenda. Mikono iliposita, mjomba alikohoa. Nilikichukia kikohozi kile!

Hesabu yathibitisha maneno yake. Marisau hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde, na mwendo wa mita 30 huyachukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kanga arukaye mita 15 kwa sekunde huwa amekwisha kusogea mita moja na nusu. Mpiga upinde wa zamani, ambaye mshale wake ulikwenda polepole zaidi, alilazimika kumtangulia mnyama kwa nafasi kubwa kuliko hiyo. Naye hakuwa na kitabu cha hesabu. Chombo ndicho kigeni, ufundi si mgeni.

Kwa kwelea kwelea, lakini, bunduki haifai kitu. Ndege wa gramu 20 ajapo na maelfu ya wenziwe, risasi ni hasara tupu. Afadhali teo na kelele za watoto.

Nilipopewa risasi ya kwanza, masharti yalikuwa mawili: ndege awe juu ya vilele vya miti, kwani mbugani mna wachungaji, na aangukaye atafutwe hadi aonekane. Kanga wangu wa kwanza tulimtafuta katika nyasi za Wembere mpaka jua likatua.