Ekiru Saba

Kwa Kiturkana, akiru ni mvua. Mtoto akizaliwa mvua ikinyesha, wa kiume ni Ekiru na wa kike ni Akiru, na usidhani kwamba kwa vile huku ni kukavu majina haya ni machache. Kwenye kompyuta ninayochapia watu barua hapa Nakalale, nina Ekiru saba.

Kompyuta yenyewe (tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka) imezeeka kiasi kwamba Windows ya siku hizi haiingii. Inatumia FreeDOS, mfumo ambao Jim Hall aliuanzisha mwaka 1994 baada ya Microsoft kutangaza kuachana na DOS. Hakuna picha za kubofya. Ni skrini nyeusi na amri unazoandika mwenyewe. Na DOS ina sheria yake: jina la faili ni herufi nane, nukta, halafu tatu. Nakalale ina nane kamili, tulibahatika. Kalobeyei ina tisa, ikawa KALOBEYE. Lokichoggio hata usiseme. Ekiru anatosha vizuri, lakini unaishia kuwa na EKIRU1 mpaka EKIRU7, kama mbuzi wa mnada.

Sasa, ile programu inayopokea amri zako si lazima iwe ile uliyoikuta kwa mashine. Inaitwa sheli, na inabadilishwa. Mimi niliweka 4DOS, iliyotoka 1989 ikiuzwa na baadaye ikawa ya bure. Ina mambo mengi, ila mimi ilininasa kwa amri moja:

describe ekiru3.txt "Ekiru wa Kalobeyei, kidato cha 2, basari"

Basi. Kuanzia hapo ukiandika dir, maneno hayo yanatokea kando ya jina la faili.

Juzi mama mmoja alifika asubuhi, miguu vumbi tupu. Fomu za basari zilikuwa zinafungwa kesho yake.

"Mwanangu, ile barua ya Ekiru wangu bado iko?"

"Iko, mama. Ekiru wa wapi?"

"Wa Kalobeyei. Wa mvua ile kubwa."

Mvua sikuwa nimeiandika, lakini Kalobeyei nilikuwa nayo. Betri ya sola ilikuwa inakaribia kukata, na kufungua faili saba moja baada ya nyingine kungeimaliza kabla printa haijaanza. Nilisoma orodha mara moja, nikachapa. Printa ya riboni ikapiga kelele zake, mama akaikunja barua ndani ya leso.

Shida ya 4DOS ni moja. Maelezo yote hukaa kwenye faili iliyofichwa, DESCRIPT.ION. Ukinakili barua ukiwa ndani ya 4DOS, maelezo yanafuata. Ukitumia sheli ya kawaida ya DOS, barua zinafika na maelezo yanabaki nyuma, maana amri yake ya kunakili haigusi faili zilizofichwa. Kuna kijana wa Kakuma ameahidi kunihamishia kila kitu kwa mashine mpya. Nimembandikia karatasi juu ya skrini: anza na DESCRIPT.ION.