Pikipiki mpya na vumbi la machimbo

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Siumwi, na sijafungwa. Nimenunua pikipiki!

Ndiyo, pikipiki. Mama bado hajanisamehe. Lakini nilikuwa nimechoka kushushwa na basi njia panda, halafu naanza kumbembeleza kijana wa bodaboda anipeleke machimboni kwa bei ya mgeni. Nikakusanya vijisenti vyangu, nikanunua ya cc 150, ile ile inayobeba abiria kila kijiweni. Nikaifunga keria pana ya begi na kamera, vyuma vya kukinga injini nikianguka, na kioo cha kuzuia upepo. Rafiki yangu mmoja anaiita bodaboda iliyovaa suti. Acha aseme.

Muuzaji kule Mwanza alinipa kitabu kidogo na onyo moja: kilometa 1,000 za mwanzo usiilazimishe. Mimi na maswali yangu nikataka kujua kwa nini. Kumbe ukuta wa silinda mpya hauwi laini kama kioo. Kiwandani huachiwa mikwaruzo midogo kwa makusudi. Ringi za pistoni zikipanda na kushuka hujisugua pale mpaka zikae sawasawa. Ukiipa resi kubwa mapema, inachemka na kujiumiza. Ukienda mwendo mmoja tu kutwa nzima, ringi hazikai vizuri. Kwa hiyo unaongeza, unapunguza, unasimama inapoa. Na oili ya kwanza unaimwaga mapema, maana inabeba unga wa chuma uliotokana na kusuguana huko.

Basi nikatoka Mwanza taratibu kama bibi harusi. Daraja la Kigongo–Busisi nililivuka kwa kilometa 50 kwa saa, malori yakinipigia honi. Mnakumbuka foleni za kivuko pale? Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, zile kilometa 3 za maji unazimaliza kabla hujamaliza kuwaza. Nikapita Sengerema, Geita, Katoro, mpaka Buseresere. Kama hujafika huku, Katoro iko wilaya ya Geita na Buseresere iko wilaya ya Chato, lakini kwa macho huwezi kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ni maduka, mabanda na pikipiki mwanzo mwisho.

Nilipanga chumba hapo, nikamtafuta fundi.

"Mwangaluka, dada," alinisalimu, macho yako kwenye pikipiki, si kwangu. Nikamweleza tatizo: ikiwa na mzigo, kwenye mwinuko inasitasita, kama mtu anayemeza ugali bila mboga. Akafungua plagi, akanionyesha. Ilikuwa nyeusi, imejaa masizi.

"Inakula petroli nyingi, hewa ndogo," akasema.

Alikuwa sahihi. Huku tuko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli kama iko pwani. Dawa yake ni kuirekebisha kabureta kidogo kidogo, unaendesha, unaitazama plagi tena, mpaka rangi iwe ya kahawia.

Lakini hiyo ni kazi ya nusu siku, na mimi kesho yake nilikuwa na safari ya Rwamagasa. Fundi akanipa njia ya mkato: tutoe chujio la hewa ipumue, tutoboe ekzosi, na sproketi ya mbele tuiongeze jino moja. "Vijana wote hapa wanafanya hivyo," akasema. Ekzosi na sproketi nilikataa. Chujio... nilikubali. Mwandishi mwenye haraka, mnamjua.

Na kweli ilikimbia! Siku ile nilijiona mjanja.

Rwamagasa ni machimbo ya wachimbaji wadogo. Nilikwenda kuandika habari za vumbi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa ya pale, na ndani ya maduara wanakotoboa mwamba vumbi la silika lilikuwa zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa Marekani. Dhahabu ya huku imekaa ndani ya kwazi, jiwe jeupe ambalo ni silika tupu, gumu kuliko chuma cha kawaida. Likisagwa, unga wake mbaya zaidi ni ule usioonekana kwa macho. Ule unaoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na unamfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kumwagia maji mwamba na mawe wakati wa kazi kunapunguza vumbi sana, lakini kwenye makarasha niliyopita mimi mawe yalisagwa makavu. Vijana walikuwa weupe kuanzia kope. Wengine walijifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii unga ule.

Nilipiga picha, nikauliza maswali, nikazunguka siku mbili na pikipiki yangu isiyo na chujio. Naona aibu kuandika sentensi hiyo.

Niliporudi Buseresere kilometa zilikuwa 480. Fundi akamwaga oili kwenye beseni, akachovya vidole viwili, akavisugua. Akanyamaza. Akanishika mkono, akanipaka na mimi. Oili ilikuwa inakwaruza.

"Chuma cha ndani kinateleza kidogo, kinameremeta," akasema. "Hii ni mchanga."

Tukachungulia mdomo wa kabureta. Vumbi lilikuwa limeganda mpaka ndani. Na kutoa chujio kulikuwa kumeongeza hewa kupita kiasi, injini ikawa inachemka wakati ule ule ringi zinatafuta mahali pa kukaa. Nilikuwa nimeiumiza mara mbili.

Nilitaka kumkasirikia. Lakini aliinama kufunga boliti akaanza kukohoa, kikohozi kirefu, mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kimeanza lini. Akaniambia kabla ya ufundi alikuwa kwenye karasha, miaka sita.

"Hii ikishindikana naifungua, naweka ringi mpya," akasema, akiipiga tangi kwa kiganja. "Mimi nitafunguliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Niliwaza maswali yote niliyowauliza watu wa Rwamagasa kuhusu kikohozi, usiku, jasho, kupungua uzito. Huyu niliyekaa naye jioni nzima tukibishana kuhusu sproketi sikuwa nimemuuliza hata moja.

Asubuhi yake nikamwambia panda. Akakataa, ana kazi. Nikamkumbusha kwamba kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Akasema anajua, kila mtu anajua. Mwishowe alipanda, nadhani ili nisiendelee kuongea. Kitabu changu kinasema usibebe mzigo mzito katika kilometa za mwanzo. Nilimbeba kwa mwendo wa 40 mpaka kituo cha afya, na njia nzima alikuwa ananielekeza nibadilishe gia lini.

Majibu yalitoka: hana kifua kikuu. Tulishukuru Mungu. Lakini tabibu alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamwandikia akapigwe picha ya eksirei, hospitali kubwa kule Chato. Karatasi hiyo aliikunja akaiweka kwenye boksi la spana.

Sasa pikipiki yangu ina kilometa 1,040. Chujio jipya liko mahali pake, kabureta tumeirekebisha jinsi ilivyotakiwa siku ya kwanza, plagi ni ya kahawia, na mwinuko inapanda bila kulalamika. Lakini oili inaipunguza, kidogo tu, kila wiki. Fundi anasema tuiangalie kwanza, pengine ringi zitajikalia, pengine hazitajikalia.

Na karatasi yake bado iko kwenye boksi la spana. Juzi niliiona nikitafuta spana namba kumi, imeshaanza kuingia grisi. Nimemwambia Jumatatu saa moja asubuhi niko mlangoni kwake, tunakwenda Chato. Amesema atafikiria.

Jumatatu nitakuwepo. Nitawaambia.