Aliyebaki Mnarani

Simu ilizimika ikiwa imebaki karibu nusu saa filamu iishe. Tulikuwa wasichana wanne juu ya kitanda kimoja, tumebanana, tukitazama kioo kisichozidi kiganja, na umeme ulikuwa haujarudi tangu saa kumi za jioni. Hakuna aliyekuwa na simu nyingine yenye chaji ya kutosha. Nikasema basi, tutamalizia kesho. Lakini hakuna aliyelala. Tulibishana gizani mpaka majirani wakagonga ukuta, na ubishi wote ulikuwa juu ya swali moja: kati ya wale ndugu wawili, ni nani aliyebaki hai?

Filamu yenyewe ni ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Paul Feig kutokana na kitabu cha Mmarekani Soman Chainani, The School for Good and Evil, kilichotoka mwaka 2013. Sisi tuliitazama kwa sauti za Kifaransa. Kwa msomaji asiyeijua: wasichana wawili marafiki, Sophie na Agatha, wa kijiji kiitwacho Gavaldon, wanachukuliwa na kupelekwa kwenye shule yenye pande mbili. Upande mmoja hufundishwa watakaokuwa mashujaa wa hadithi, upande wa pili hufundishwa watakaokuwa wachawi na waovu. Sophie, aliyejiona binti wa kifalme tangu utotoni, anatupwa upande wa Ubaya. Agatha, ambaye kijiji kizima kilimwita mchawi, anatupwa upande wa Wema.

Hiyo ndiyo hadithi ya wasichana. Iliyotukosesha usingizi ni ile iliyo chini yake. Shule hiyo ina asili yake kwa ndugu wawili mapacha, Rhian na Rafal, mmoja mwema na mmoja mwovu. Mwanzoni mwa filamu tunawaona wakipigana, na mwigizaji ni mmoja, Kit Young, anayecheza nafasi zote mbili. Tunaaminishwa kwamba Rafal, yule mwovu, ndiye aliyeshindwa. Miaka mingi baadaye yupo Mkuu wa Shule mmoja tu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na kila mtu shuleni anaishi akijua kwamba Wema ulishinda.

Katika kitabu, ambacho nilikisoma baadaye, fumbo ni zito zaidi. Ndugu hao wamepewa uzima usiokoma na ujana usiochakaa, kwa sharti la kulinda mizani kati ya Wema na Ubaya. Baada ya vita vyao, aliyebaki anaishi mnarani, uso wake umefichwa nyuma ya barakoa ya fedha. Wanafunzi wenyewe, ndani ya kitabu, wanabahatisha kama tulivyobahatisha sisi. Naweza kuelewa kwa nini mwandishi hakuweza kuwaacha ndugu hawa: baada ya vitabu sita alirudi nyuma na kuandika viwili vingine, mwaka 2022 na mwaka 2023, kueleza walivyokuwa kabla ya kuuana.

Sasa nirudi kitandani.

Mwenzetu anayesoma Kifaransa alianza kwa uhakika. Mwema ndiye aliyebaki, alisema, na ushahidi uko wazi: katika shule ile upande wa Wema unashinda kila mara. Waovu wanafundishwa, wanahitimu, wanaingia katika hadithi, wanashindwa. Kama mwovu ndiye angekuwa mnarani, angewezaje kuwatazama watoto wa upande wake wakishindwa kizazi baada ya kizazi na kunyamaza?

Yule wa Saikolojia, mtoto wa Kolwezi, alicheka. "Ule mubaya njo alibakia," akasema. Mtu aliyemuua ndugu yake, kwa maoni yake, hawezi kukaa mahali pake mwenyewe. Atakaa mahali pa marehemu. Atavaa wema wa marehemu kama koti. Na kadiri Wema unavyoshinda, ndivyo hakuna atakayemwuliza swali.

Mimi niliuliza swali langu: "Na mukubwa ni nani?"

Wakanicheka wote watatu. Filamu haisemi ni nani aliyetangulia kuzaliwa, na wao hawakuona kwamba ina haja ya kusema. Lakini kwangu hilo lilikuwa swali la kwanza. Kwetu mapacha hawaitwi tu mapacha. Kwa Waluba wa Katanga anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, na majina hayo yanamtangulia mtu kila aendako. Ukitajiwa jina umeshajua nani alifungua mlango. Mwandishi wa Marekani anaweza kusema ndugu wawili na kuishia hapo, kwa kuwa lugha yake haimlazimishi kutaja mkubwa na mdogo. Nyumbani kwetu, ukisema ndugu wawili, mtu wa pili atakuuliza swali nililouliza mimi.

Wa nne kati yetu anasoma Historia, na alikuwa kimya muda mrefu. Hatimaye akauliza: "Siku ile ya vita walikuwako watu wangapi?"

Wawili, tukasema.

"Mmoja amekufa. Basi shule ilijua kwa nani kwamba mwema alishinda?"

Hatukujibu. Jirani akagonga ukuta tena, na safari hii tukanyamaza.

Nilibaki macho, na sababu haikuwa Rafal wala Rhian.

Nina kaka wawili mapacha. Sitataja majina yao mengine; Kyungu na Kabange yanatosha. Mimi nilizaliwa baada yao. Baba yetu alipofariki aliacha parseli moja mjini Lubumbashi, yenye nyumba ya vyumba vitatu na mwembe. Matanga yalikuwa hayajaisha vizuri pale kaka zangu walipogombana. Kabange aliondoka usiku, akaenda Kolwezi kutafuta kazi machimboni. Kyungu alibaki na mama. Tangu siku hiyo ni miaka miwili, na hawajasemezana.

Kila anayeniuliza kilichotokea, nimemjibu vilevile: Kabange alitaka kuuza parseli. Nimewajibu hivyo mashangazi, mchungaji, na hata mwalimu mmoja aliyeniona nimesinzia darasani. Usiku ule, gizani, nilijiuliza swali la mwanafunzi wa Historia. Ilipotokea ile kelele ya chumbani walikuwako watu wangapi? Wawili. Na mimi nilijua kwa nani?

Nilijua kwa aliyebaki.

Mwanafunzi wa isimu akikosa usingizi huhesabu maneno. Nilianza kukumbuka sentensi yenyewe ya Kyungu, jinsi alivyoisema asubuhi ile akiwa amesimama chini ya mwembe: "Kabange alisema ati atauzisha parseli." Nikasimama kwenye ati.

Katika Kiswahili tunachokisoma vitabuni, eti hubeba shaka. Ukisema "eti ni mgonjwa", umeyashika maneno ya mwenzako kwa ncha ya vidole, tayari kuyaacha yaanguke. Lakini katika Kiswahili cha nyumbani kwetu, ati mara nyingi haina shaka yoyote. Ni mlango tu wa kuingilia maneno ya mtu mwingine: alisema ati atakuja, alisema ati ana njaa. Sasa kaka yangu alitumia ipi? Alikuwa ananukuu, au alikuwa anasita? Inawezekana yeye mwenyewe alisikia nusu ya neno akaliweka shaka yake, na mimi nikalipokea bila shaka, nikalitembeza mji mzima kama habari kamili. Kadiri nilivyolirudia, ati ile ilidondoka njiani. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nasema tu: Kabange alitaka kuuza.

Lipo neno jingine, ambalo hukaa upande wa pili wa mto. Ni kumbe. Sijaona katika Kifaransa neno moja fupi linalofanya kazi yake yote. Kumbe haileti habari mpya tu. Inaungama kwamba msemaji alikuwa amejua vingine, na kwamba alikosea. Huwezi kusema kumbe bila kujishtaki kidogo. Nikaona kwamba mabishano yetu yote ya usiku ule yalikuwa safari kutoka eti hadi kumbe, na kwamba utamu wa kubahatisha hadithi uko katika kukubali kukaa katikati. Shuleni mle walimu na wanafunzi hawakukaa katikati. Walifika mapema mahali pa uhakika, wakajenga humo.

Kesho yake umeme ulirudi saa moja jioni. Tukatazama nusu saa iliyobaki. Sitaki kumharibia utamu ambaye bado hajaiona, lakini makala haiwezi kwenda mbele bila jambo hili, kwa hiyo anayetaka aruke aya moja.

Mkuu wa Shule ni Rafal. Mwovu ndiye aliyebaki, na mwema alikufa kwa mkono wa ndugu yake. Vinywa vinne vilisema kumbe kwa pamoja, pamoja na kinywa cha mtoto wa Kolwezi aliyekuwa amebahatisha sawasawa. Alipoulizwa kwa nini anashangaa jambo alilolitabiri, akasema kwamba kubahatisha ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Yule wa Kifaransa alikasirika kweli. Alihisi ameibiwa. Ushindi wote wa Wema aliokuwa ameuleta kama ushahidi ulikuwa pazia ambalo muuaji alijifichia nyuma yake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini humo kata moja ilikuwa imevunjwa, na iliyobaki ndiyo iliyotuteka maji.

Tangu hapo nimesoma kitabu, na bado tunabishana. Swali limebadilika. Hatuulizi tena nani alibaki, tunauliza nani alianza. Wa Saikolojia anasema hakuna mtoto anayezaliwa amepangiwa ubaya. Ukimwambia pacha mmoja tangu mwanzo kwamba yeye ndiye mbaya, unamlea kwa neno hilo. Wa Historia anasema tusimtetee muuaji kwa sababu tu ana huzuni. Mimi nipo kati yao. Ninachojua ni kwamba wale wawili walipewa muda usiokwisha. Wangeweza kugombana miaka mia moja, wakanyamaziana miaka mia moja, na bado wangekuwa na asubuhi ya kupatana. Waliupoteza wote. Kaka zangu hawana muda wa namna hiyo. Baba yetu hakuwa nao.

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300. Kwa simu ni karibu zaidi, ila nilichukua siku tisa kuinua simu. Niliogopa vitu viwili. Kwanza niliogopa kwamba Kabange atanieleza jambo litakalomgeuza Kyungu kuwa Rafal, na ningelazimika kurudi nyumbani Jumapili kula bukari naye nikiwa nalijua. Kisha niliogopa kinyume chake: kwamba Kabange hatakuwa na neno lolote la kujitetea, na miaka miwili ya maneno yangu itakuwa kweli.

Haikuwa hivi wala vile. Kabange alisema hakutaka kuuza. Eti alitaka hati ya parseli iandikwe jina la mama, kabla wajomba hawajaanza kuja na maneno yao, na kwa kazi hiyo fedha zilihitajika, kwa hiyo alitaja kukodisha chumba kimoja. Eti Kyungu alisikia neno fedha tu. Nilipomwuliza kwa nini basi aliondoka usiku bila kuaga, alinyamaza, kisha akasema kwamba kulikuwa na jambo jingine ambalo hataki kuliongelea kwa simu. Kwa hiyo hadithi yake nayo ina tundu. Nimeiandikia eti kama nilivyoiandikia ya Kyungu, na sijapata bado sababu ya kusema kumbe upande wowote. Pengine siku nitakapowaona wote wawili chini ya mwembe. Pengine hata siku hiyo.

Nimekwisha kuwaambia mashangazi kwamba niliwapa habari ya mtu mmoja. Shangazi mkubwa alikasirika. Akaniuliza, sasa tuamini lipi? Nilimwambia kwa sasa asiamini lolote, na nikaona usoni mwake kwamba hilo ni gumu kuliko kuamini jambo baya.

Kabla ya kukata simu nilimwambia Kabange juu ya filamu, nikamsimulia Rafal na Rhian kwa kifupi. Alisikiliza. Aliuliza swali langu lilelile, nani mukubwa, nikacheka, nikamwambia haijulikani. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za jirani tu:

"Na Kyungu, angali anakohoa usiku?"