Cherehani Iliyonunuliwa kwa Simu

Mwaka 2019 mke wa sajini mmoja, aliyekaa katika nyumba za askari mjini Kampala, aliona katika simu yake picha ya cherehani ya umeme. Mumewe alikuwa Somalia pamoja na jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani. Kabla ya safari walikuwa wamepatana kwamba akiba ya kwanza itanunua cherehani, ili mama ashone sare za wanafunzi na nyumba isitegemee mshahara mmoja. Mwuzaji aliandika kuwa cherehani ni mpya, bei shilingi 650,000. Mama akajibu kwamba ataichukua. Mwuzaji akaandika: "Sawa, tuma pesa." Pesa zikatumwa kwa simu, na jioni kijana wa bodaboda akaleta sanduku.

Ndani yake mlikuwa na cherehani kuukuu iliyopakwa rangi, na gurudumu lake halikuzunguka. Mwuzaji alipopigiwa simu alicheka, akasema kuwa hapakuwa na mkataba, kwa kuwa hakuna karatasi iliyotiwa sahihi.

Wengi wangekata tamaa hapo, maana wamezoea kufikiri kuwa mkataba ni karatasi yenye muhuri. Sivyo. Mkataba ni mapatano: mmoja hutaka, mwenziwe hukubali, na kila mmoja hutoa kitu chake. Picha iliyowekwa katika simu ni kama kanga iliyotundikwa dukani. Yamwalika mnunuzi, lakini haimfungi mwenye duka. Mama aliposema ataichukua, na mwuzaji akajibu "sawa", ndipo wote wawili walipofungwa.

Ni kweli kwamba Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Huenda mwuzaji yule alikuwa amesikia nusu ya habari. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba ujumbe wa elektroniki wenye maneno, unaoweza kupatikana na kutumiwa tena baadaye, ni maandishi. Sheria nyingine, ya mwaka 2011, yakataza mkataba kukataliwa kwa sababu tu umefanywa kwa njia ya elektroniki, tena yamtaka mwuzaji ataje jina lake, mahali alipo na bei kamili. Na ile ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa yataka kitu kilingane na maelezo yake: kilichoitwa kipya kiwe kipya.

Wala sheria za namna hii hazimlindi mnunuzi peke yake. Mwezi wa Januari 2003, huko Singapore, kampuni moja ya kuuza vitu kwa intaneti iliandika kwa makosa kuwa mashine ya kuchapa yauzwa dola 66 za nchi hiyo, badala ya dola 3,854. Wanunuzi sita wakapashana habari usiku, wakaagiza mashine 1,606, na mtambo wa kampuni ukawajibu wenyewe kwamba maagizo yao yamekubaliwa. Mahakama iliyakataa madai yao mwaka 2004, na ile ya rufaa ikafanya vivyo hivyo mwaka 2005. Walijua kuwa bei ile ni kosa, na kosa la mwenzio si mapatano.

Shida ya mama ilikuwa katika lile neno "baadaye". Simu yake ilikuwa imejaa, na mwanawe alikuwa amefuta ujumbe wote wa mwuzaji ili apate nafasi ya michezo. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi jirani yake, mke wa polisi, akamwuliza, "Dada, kwani hukumwonyesha shemeji kabla ya kununua?"

Kumbe alikuwa amemwonyesha. Alikuwa amempelekea mumewe picha na maneno yote ya mwuzaji, akitaka shauri lake. Siku ya pili vikarudi kutoka Mogadishu, tarehe na saa zikionekana. Mama akaandika barua ya kudai, akaambatisha nakala pamoja na ushahidi wa pesa zilizotumwa, akataja kwamba atakwenda katika mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 bila ya mawakili.

Wiki haikwisha, shilingi 650,000 zikarudi katika simu. Nauli ya bodaboda, ya kuleta sanduku na kulirudisha, mwuzaji hakuilipa, na mama hakumfuata kwa hiyo.