Walimu Wawili, Mtoto Mmoja

Akina mama wenzangu, jambo ninalotaka kuwasimulia leo nimelikalia kimya kwa muda mrefu kwa sababu ya aibu. Mimi ni muuguzi, na nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Nimewashauri wazazi wengi kuhusu afya ya watoto wao. Lakini nyumbani kwangu binti yangu aliugua mbele ya macho yangu, nami sikuona. Wahenga hawakukosea waliposema mganga hajigangi.

Ilikuwa mwaka 2023. Binti yangu, ambaye ni wa pili kati ya watoto wetu watatu, alikuwa na umri wa miaka 16, akisoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Morogoro. Tangu shule ya msingi alipenda netiboli, na alicheza nafasi ya senta, ile ambayo mchezaji wake hukimbia karibu uwanja mzima bila kupumzika. Alipofika kidato cha pili, mwalimu wa riadha akamwona siku ya mashindano ya madarasa, akagundua kuwa ana mbio nzuri za mita 800 na mita 1500. Akamwingiza katika timu yake.

Mama gani asingefurahi? Nilisimulia kwenye mazoezi ya kwaya, nikasimulia wodini, nikasimulia mpaka sokoni. Mashindano ya UMISSETA yalipokaribia, na shule zikaanza kuchagua wachezaji wa kwenda ngazi ya wilaya, nilikuwa tayari ninamwona binti yangu amevaa fulana ya mkoa.

Sasa sikilizeni jinsi wiki yake ilivyokuwa. Mwalimu wa riadha aliwataka wanariadha wake uwanjani saa 11 na nusu alfajiri, siku tano kwa wiki, kwa saa moja na nusu. Mwalimu wa netiboli alichukua jioni, kuanzia saa 10 hadi saa 12, siku nne kwa wiki. Jumamosi asubuhi wote wawili walimhitaji. Alikimbia saa moja na nusu, kisha akavuka uwanja kwenda kucheza netiboli saa moja na nusu nyingine. Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mechi ya kirafiki.

Nataka niwatendee haki walimu wale. Hawakuwa watu wabaya. Walifundisha michezo nje ya saa za kazi, na mara nyingi maji ya kunywa ya wachezaji waliyanunua kwa fedha zao. Kila mmoja aliona kipaji katika mtoto wetu na kila mmoja alitaka kukikuza. Lakini kila mmoja alikuwa na msemo wake kwamba mchezaji anayekosa mazoezi hana nafasi katika timu. Kwa mwalimu mmoja, sharti hilo ni la haki kabisa. Walimu wawili wanapoliweka juu ya mtoto mmoja, bila kuulizana, linakuwa mzigo.

Dalili zilikuwepo. Asubuhi alikunywa chai ya rangi tupu akakimbilia mlangoni. Usiku nilimkuta amelalia daftari, kalamu ikiwa bado mkononi. Alama zake za hisabati zilishuka. Mimi nikasema ni ujana. Tena vidonge vya diklofenaki, ambavyo niliviweka kwenye droo kwa ajili ya mgongo wangu, vilikuwa vinapungua. Nikadhani baba yao ndiye anayevitumia.

Kisha siku moja, nikipanga nguo kabatini mwake, nikakuta pakiti tatu za pedi. Zote zilikuwa hazijafunguliwa. Ni mimi niliyemnunulia, moja kila mwezi.

Mama mwenzangu, unajua wazo lililonijia. Nilikaa kitandani mwake nikatetemeka. Usiku ule, wadogo na wakubwa walipolala, nikamwita chumbani na sikumwuliza kwa upole. Nilimwambia, "Nitajie mtu huyo ni nani."

Alinitazama kama asiyeelewa lugha ninayosema. Alipoelewa, machozi yakamtoka, akasema, "Mama, muda huo ningeupata wapi?"

Nawaambia kweli, sikumwamini. Asubuhi nilimpeleka hospitali, nikasimamia kipimo cha mkojo mimi mwenyewe. Hakuwa na mimba. Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu, nikainuka ili tuondoke. Daktari wa zamu, dada ambaye umri wake ni mdogo kuliko wangu, akanizuia. Akasema, "Sista, kaa kidogo. Kama hana mimba, kwa nini basi haoni siku zake?"

Swali hilo ningepaswa kuliuliza mimi. Hofu ilikuwa imenifunga akili.

Daktari alimwuliza binti yangu mambo ambayo sikuwahi kumwuliza. Unakula nini asubuhi? Unalala saa ngapi? Unakimbia mara ngapi kwa wiki? Kisha akamgusa mfupa wa muundi wa mguu wa kulia, mahali pamoja tu, na mtoto akaruka kwa maumivu. Hapo ndipo alipokiri kuwa kwa wiki nyingi amekuwa akimeza vidonge vyangu ili aweze kukimbia.

Damu ilipopimwa, hemoglobini ilikuwa 9.6. Kwa msichana wa umri wake, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, lakini daktari alituambia tusijidanganye. Mfupa unaopigwapigwa kila siku bila kupumzishwa hupata ufa mwembamba, na ufa huo katika wiki za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye picha. Akamkataza kukimbia kwa wiki nane.

Na ile hedhi? Alitufafanulia hivi. Msichana anayetumia nguvu nyingi kuliko chakula anachokula, mwili wake huanza kubana matumizi, kama mama anavyofanya fedha zinapopungua nyumbani. Mwili hulisha kwanza moyo na ubongo, na mambo ya uzazi huyaweka kando. Homoni hupungua, hedhi hukatika, na kwa kuwa homoni hizo pia hulinda mifupa, mifupa nayo hudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa waraka wa wataalamu juu ya hali hii, nao ulieleza kuwa hata wanamichezo wa kiume huipata, ingawa kwao hakuna hedhi ya kutoa taarifa. Kwa hiyo msichana mwanamichezo anayekosa siku zake kwa miezi mitatu, hata kama mimba haipo, apelekwe kwa daktari. Si jambo la kusema kuwa limejiendea.

Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na maombi marefu ya kumwombea. Lakini nilimkumbuka nabii Eliya alipochoka hadi akatamani kufa. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimpa chakula, akamwacha alale, akampa chakula tena. Basi nikapika wali, maharage na mchicha, nikampakulia sahani iliyojaa. Akala, akalala mchana kutwa.

Jioni nilimwomba radhi kwa yale niliyomshutumu. Kisha nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia kuwa mguu unauma?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, bila ubishi wowote, "Mama, na wewe huwa humwambii mtu. Mwezi uliopita ulitoka zamu ya usiku una homa, ukaenda kupika kwenye semina ya kanisa."

Sikuwa na jibu. Wakati huo nilikuwa mwanakwaya, mwalimu wa Shule ya Jumapili na mweka hazina wa umoja wa wanawake, yote juu ya zamu za hospitali. Kila aliyeniomba nilimwitikia. Niliita huo ni moyo wa kujitoa. Binti yangu alikuwa amenitazama tangu utoto wake, akajifunza kuwa mtu mwema hakatai na mtu hodari hasemi anapoumwa. Walimu wale wawili hawakumfundisha jambo hilo. Walimkuta nalo.

Wiki iliyofuata, mimi na baba yao tulikwenda shuleni, tukawaomba walimu wote wawili tukae pamoja na binti yetu akiwepo. Nilikuwa nimeandika saa zake kwenye karatasi. Alfajiri saa 7 na nusu kwa wiki, jioni saa 8, Jumamosi saa 3, Jumapili saa 2. Jumla saa 20 na nusu, na hakuna siku hata moja ya kupumzika. Nikawaeleza ushauri unaotolewa na madaktari wa watoto wa Marekani, kwamba saa za mazoezi za mtoto kwa wiki zisizidi miaka ya umri wake, na kila wiki apate angalau siku moja au mbili za kupumzika. Mtoto wetu alikuwa na miaka 16.

Mwalimu wa riadha aliichukua karatasi akaitazama kwa muda. Akasema, "Mama, mimi nilidhani netiboli ni mara mbili kwa wiki." Mwalimu wa netiboli naye hakujua kabisa habari za mazoezi ya alfajiri. Walikuwa wakifundisha katika shule moja, wakinywa chai katika ofisi moja, na hawakuwahi kuulizana. Nasi wazazi, tuliokuwa tukijua ratiba zote mbili, hatukuwahi kuzijumlisha.

Tulikubaliana mambo manne. Kwanza, asirudi uwanjani hadi daktari aruhusu. Pili, akirudi, walimu wapange ratiba moja, na muhula wenye mashindano ya mchezo mmoja, mchezo wa pili upunguzwe au usimame. Tatu, Jumapili iwe siku yake ya kupumzika. Nne, akisema anaumwa, asipoteze nafasi yake kwa kusema.

Nisiwadanganye kuwa yote yalikwenda vizuri. Mwaka ule UMISSETA ilimpita. Mwalimu wa netiboli alisikitika, na nafasi ya senta akapewa msichana mwingine, ambaye aliishika vizuri sana. Binti yangu alilia siku timu ilipoondoka, nami nililia naye jikoni.

Tulimtibu kwa vidonge vya madini ya chuma alivyoandikiwa, na kwa chakula cha kawaida cha nyumbani. Asubuhi alikula uji wenye karanga pamoja na yai au kiazi kabla ya kutoka. Mchana na jioni kulikuwa na maharage, dagaa na mboga za majani, pamoja na chungwa au limau, kwa sababu matunda hayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai tuliiondoa wakati wa mlo, maana huyazuia. Akaanza kulala saa 3 usiku. Mwezi wa nne hedhi yake ikarudi. Hapo ndipo nilipolala usingizi mzuri.

Alipopona, tulimwuliza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza. Wewe mwenyewe unapenda nini? Alijibu kuwa anapenda netiboli, kwa sababu ya wenzake. Nitakiri kuwa roho iliniuma. Watu walikuwa wameniambia kuwa kwenye mbio angefika mbali zaidi, na ile fulana ya mkoa ilikuwa bado ipo mawazoni mwangu. Ilinibidi niiache.

Baba yake, ambaye hupenda habari za wanamichezo wa zamani, alimtia moyo kwa habari ya Eric Liddell. Yule alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya raga ya Uskoti na pia mkimbiaji, lakini aliiacha raga ili ajiandae kwa mbio, na mwaka 1924 akashinda mita 400 katika Olimpiki ya Paris. Binti yangu alicheka akasema, "Basi mimi ni Liddell wa kinyume." Alicheza netiboli hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 2024. Timu yao ilifika ngazi ya wilaya ikaishia hapo. Mbio alikimbia za darasani tu, kwa furaha.

Na mimi? Nilirudisha daftari la mweka hazina kwa mwenyekiti wetu. Nilidhani watalalamika. Mama mmoja kijana, ambaye alikuwa akingoja kupewa kazi, alilipokea kwa mikono miwili.

Akina mama, michezo ni baraka kwa watoto wetu, tusiwazuie. Lakini kama mtoto wako ana michezo miwili au zaidi, chukua karatasi uhesabu saa zake zote za wiki. Wakutanishe walimu wake, maana mtoto peke yake hana nguvu ya kumwambia mwalimu hapana. Angalia sahani yake na usingizi wake, na kwa binti, zijue siku zake. Ukiona jambo usilolielewa, uliza kwanza kabla ya kushutumu. Mimi nilishutumu kwanza, na hadi leo naukumbuka uso wake wa usiku ule.