Namba Yako ya Simu si ya Kila Anayekuita Ndugu

Hapa tumezoea kuzungumzia mbegu, mbolea, viwavijeshi na bei ya mahindi. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye kalenda ya kilimo, lakini nimeona likimaliza fedha za mavuno haraka kuliko dumuzi anavyomaliza mahindi ghalani. Ni simu yako, na watu wanaoingia mfukoni mwako kupitia simu hiyo.

Mwaka 2025 watu watatu walinijia kwa nyakati tofauti wakitaka kitu kimoja: orodha ya wakulima wa kata ninayoihudumia, yenye majina na namba za simu. Wa kwanza alikuwa mpambe wa mtu aliyekuwa anatafuta kuteuliwa kugombea udiwani. Alisema bosi wake anataka tu kuwasalimia wananchi. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa, muumini mwenzangu ninayemheshimu, aliyetaka kuwaalika watu kwenye mradi wa sarafu ya mtandaoni. Wa tatu alikuwa muuza pembejeo aliyetaka kuwatumia matangazo ya dawa zake.

Wote watatu niliwanyima. Yule mpambe alienda kusema mimi ni wa upande wa pili. Muuza pembejeo alinuna wiki mbili, kisha akarudi kama kawaida. Aliyeniumiza ni mzee wa kanisa. Aliniambia kwamba elimu imenipunguzia imani, na mpaka leo tukikutana kwenye jumuiya salamu yake ni fupi. Sikuandika haya ili unionee huruma. Nayaandika kwa sababu wewe ndiye mwenye ile orodha, na una haki ya kujua kwa nini sikuigawa.

Orodha ile ilitokana na usajili wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23. Ulinipa jina lako, namba yako na ukubwa wa shamba lako ili upate mbolea. Hukunipa ili uombwe kura, wala ili uuziwe sarafu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasema hivyo hivyo: taarifa ya mtu ikusanywe kwa lengo linalojulikana, na itumike kwa lengo hilo. Hata Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Kwa hiyo sikuwa na ubishi na imani ya mtu wala chama cha mtu. Kitu chenyewe hakikuwa changu kukitoa.

Nikikaa na kufikiri, naona wale watatu walikuwa na jambo moja linalofanana. Kila mmoja alitaka kuchukua uaminifu uliojengwa mahali pamoja na kwenda kuutumia mahali pengine. Uliniamini mimi kwenye mambo ya mbolea, mwingine akataka uaminifu huo ukamfanyie kazi kwenye siasa. Mzee wa kanisa unamwamini katika maombi, naye akataka uaminifu huo uwe dhamana ya fedha. Hapo ndipo watu wengi wanapopotezea mali zao. Ukiliona hilo, mengine yote nitakayosema leo ni rahisi.

Kutunza siri si dhambi

Kuna watu wanaosema kwamba asiye na baya hana cha kuficha. Nimelisikia hilo vijiweni, na nimelisikia kanisani pia. Lakini angalia vizuri. Kura unapiga peke yako, hakuna anayesimama nyuma yako kuona umeweka tiki wapi. Wakala wa fedha za simu hakuulizi namba ya siri, na akikuuliza unajua si wakala mwema. Na kwa sisi Wakristo, Mathayo sura ya 6 Yesu anafundisha kutoa sadaka na kuomba bila kujionyesha mbele za watu. Serikali, biashara na imani vyote vinajua kwamba kuna mambo ya mtu ambayo si ya kutangazwa.

Sasa fungua grupu la WhatsApp la kanisani kwako au la kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Utakuta orodha ndefu: fulani ameahidi 200,000, fulani ametoa 50,000, fulani bado. Wakati huo huo ni kipindi cha malipo ya kahawa. Mtu yeyote aliyemo kwenye grupu, na yeyote aliyetumiwa picha ya orodha hiyo, anajua nani ana fedha wiki hii na namba yake ni ipi. Halafu tunashangaa mzee anapigiwa simu na mtu anayejiita mtumishi wa Mungu, anayemjua kwa jina na anajua hata ujenzi wa kanisa umefika kwenye lenta. Hakuoteshwa na mtu. Amesoma orodha.

Ushauri wangu kwa wahasibu wa makanisa na vikundi: tumeni stakabadhi kwa mtu mmoja mmoja, na kwenye grupu wekeni jumla tu. Daftari likaguliwe kwenye mkutano, ana kwa ana. Uwazi wa fedha za kikundi unabaki pale pale, na mfuko wa mtu mmoja mmoja unabaki kwake.

Mbegu isiyochimbiwa shimo

Wengi wenu wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea mnaikumbuka DECI. Watu walikuwa wanatoa fedha wakiita ni kupanda mbegu, kisha wanasubiri kuvuna zaidi ya walichopanda. Waliokuwa wakiiongoza ni wachungaji, na lugha yake ilikuwa lugha ya kanisani. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, viongozi wake wakafikishwa mahakamani, na mwaka 2013 baadhi yao wakatiwa hatiani. Hakukuwa na shamba wala kiwanda nyuma ya fedha ile. Aliyevuna alikuwa anavuna fedha ya aliyeingia baada yake.

Wewe ni mkulima, huna haja ya kufundishwa mbegu ni nini. Mbegu ya mahindi unajua itaota siku ya ngapi, unajua inataka mvua kiasi gani, na ukiona haikuota unafukua kuona kama imeoza au imeliwa na panya. Mtu akikuambia fedha yako ni mbegu, mwulize maswali hayo hayo. Inapandwa wapi? Nani anaitunza? Inazaa kutokana na kazi gani? Akijibu kwamba inazaa kwa kuleta watu wengine, umeshapata jibu. Akijibu kwamba maswali yako ni kukosa imani, umelipata mara mbili. Luka sura ya 14 inamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Kupiga hesabu hakujawahi kuwa uasi.

Sarafu za mtandaoni zenyewe zikoje

Sisemi kila sarafu ya mtandaoni ni utapeli. Bitcoin, iliyo ya kwanza na kubwa, ilianza kufanya kazi Januari 2009, na imepangwa isizidi sarafu milioni 21. Kuna watu wanaitumia kutumiana fedha nchi na nchi. Lakini kabla hujauza gunia hata moja kwa ajili yake, jua mambo manne.

La kwanza, bei yake hupanda na kushuka kuliko bei ya nyanya. Novemba 2021 bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa chini ya dola 17,000. Baadaye ilipanda tena, lakini ada ya shule ya Januari haisubiri bei ipande.

La pili, haina wakala wala huduma kwa wateja. Ukijitunzia mwenyewe, ufunguo wake ni maneno 12 au 24 ya siri. Ukiyapoteza, fedha imekwenda. Akiyaona mwingine, fedha ni yake. Ukituma kwa mtu asiye sahihi, hakuna wa kumpigia airudishe.

La tatu, watu hudhani ni ya siri kabisa. Sivyo. Kila muamala wa bitcoin unaandikwa kwenye daftari ambalo dunia nzima inaweza kulisoma. Jina lako halimo, lakini mtu akishajua anwani yako ni ipi, anaona zilizoingia na zilizotoka.

La nne, inahitaji intaneti. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti haikupatikana nchini kwa siku kadhaa. Menyu ya fedha za simu unayoifungua kwa nyota na reli haihitaji bando. Programu ya sarafu inahitaji. Fedha ya kununulia dawa ya mtoto isiwekwe mahali ambapo utaikosa siku mtandao usipokuwepo. Kwa sababu hiyo hiyo, muuza duka usikae bila noti kidogo za akiba.

Na kwa upande wa serikali: Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaosema, "Si umeona, inatozwa kodi, maana yake serikali inaidhamini." Hapana. Hata soda inatozwa kodi, na serikali haikurudishii soda ikimwagika.

Siasa na simu

Kwa kazi yangu natakiwa nimhudumie kila mkulima bila kujali chama chake, na hivyo ndivyo ninavyofanya. Wewe una uhuru wa kupenda chama unachotaka na kukisema. Ninachokuomba ni kutofautisha mahali. Grupu la kikundi cha wakulima libaki la kilimo. Nimeona kikundi kizuri cha alizeti kikigawanyika mara mbili kwa sababu ya picha moja ya kampeni iliyorushwa usiku, na msimu uliofuata wakashindwa kukodi trekta kwa pamoja. Aliyerusha picha ile hakupata cheo chochote. Wote wamelima kwa jembe la mkono.

Mtu akipita kukusanya namba za kadi za mpiga kura, namba za NIDA au za simu, mwulize anazipeleka wapi na za kazi gani. Asipokujibu kwa kueleweka, mwage kwa heshima. Unaweza kumwunga mkono mgombea wako bila kumpa namba ya NIDA. Na kabla hujasambaza habari ya siasa uliyotumiwa, kumbuka kwamba ujumbe huo unabeba namba yako, si ya aliyekutumia.

Ya kufanya wiki hii

Moja, piga \*106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukaifute.

Mbili, badili namba ya siri kama ni mwaka wako wa kuzaliwa au kama kijana wa dukani anaijua. Usiyejua kusoma vizuri, chagua mtu mmoja wa ndani ya nyumba yako akusaidie, asiwe kila anayepita.

Tatu, ujumbe wa kitapeli usiufute tu. Utume kwenda 15040, kisha ufute.

Nne, usipige picha kitambulisho cha taifa na kukiweka kwenye grupu lolote, hata la ukoo.

Tano, kabla ya kuweka fedha kwenye mradi wowote ulioletwa na ndugu, mchungaji, mwanasiasa au afisa ugani, mimi nikiwemo, subiri siku saba. Zitumie kumwuliza mtu mmoja asiyenufaika na mradi huo. Mradi wa kweli utakuwepo siku ya nane.

Kumnyima mtu unayemheshimu ni kazi ngumu, hasa huku kwetu ambapo mtu mmoja anaweza kuwa shemeji yako, mzee wa kanisa lako na mnunuzi wa mahindi yako. Si lazima umgombeze. Mwambie, "Mzee wangu, katika maombi nakuamini. Katika hili la fedha naomba muda nikapige hesabu." Anayekupenda atakusubiri.

Wiki ijayo tutarudi kwenye ghala: namna ya kukausha mahindi yafike unyevu wa asilimia 13 kabla ya kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Hadi hapo, nawatakia kazi njema.