Mapambo Yaliyofukiwa Kaburini

Ukitoka Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, ukaelekea kaskazini mwendo wa kilometa 50 hivi, utalifikia bonde la mto Boyne. Hapo pana kilima cha mviringo kiitwacho Newgrange, ambacho upana wake ni kama meta 85. Usidhani ni kilima cha asili. Ni kaburi, lililojengwa kwa mikono ya watu yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, miaka mia kadhaa kabla ya piramidi kuu ya Misri.

Kaburi hilo limezungushiwa mawe makubwa 97 yaliyolazwa ncha kwa ncha. Jiwe la mlangoni ndilo litakalokusimamisha kwanza, kwani uso wake wote umechongwa misokoto inayojikunja kama gamba la konokono. Enzi hizo huko hapakuwa na zana za chuma wala shaba. Fundi alishika ncha ya jiwe gumu, kama la gumegume, akaigonga kwa jiwe jingine, akidonoa kidogo kidogo mpaka mstari ukajitokeza.

Sasa inama, uingie katika ujia wa meta 19 mpaka chumbani. Humo yaliwekwa mabaki ya wafu, pamoja na mifupa iliyochomwa moto. Kila mwaka, karibu na tarehe 21 Desemba, jua la alfajiri hupenya katika tundu lililoachwa juu ya mlango, likaiangaza sakafu kwa dakika 17 hivi. Profesa Michael O'Kelly, aliyeongoza uchimbaji hapo tangu 1962 hadi 1975, aliushuhudia mwanga huo Desemba 1967.

Naam, jua ni ajabu. Lakini iko ajabu nyingine. Wachimbaji walipofukua migongo ya mawe na kuifunua dari ya ujia, walikuta mapambo upande uliogeuziwa udongoni. Kwa zaidi ya miaka 5,000 hakuna jicho lililoyaona. Wako wataalamu wanaodhani kuwa baadhi ya mawe hayo yalitolewa katika majengo ya zamani zaidi. Huenda ikawa hivyo. Hata hivyo, wajenzi waliyaona mapambo hayo, wakayafukia pamoja na wafu wao, wala hawakuhesabu kuwa yamepotea kwa kukosa mtazamaji.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza. Mawe haya hayakuwa na mnunuzi. Nasi tulio viwandani na majumbani, ni mara ngapi tunaupaka rangi ukuta unaotazama barabara, tukauacha ule wa uani ukimomonyoka, eti hakuna aendaye huko?

Ukijaliwa kufika Newgrange, utaonyeshwa jiwe la mlangoni, nawe ulistahi. Lakini ukisha kulitazama, uwakumbuke na wale walioyageuza mapambo yao udongoni.